Paa Wanaobweka

Jumatatu, 6 Oktoba

Zamu ya alfajiri gereji. Mabasi mawili breki, moja mlango haufungi. Mikono inanuka dizeli hata baada ya sabuni.

Nimempigia simu mwenye shamba wa Bedfordshire. Amekubali tukawinde kwake. Watu watatu, Jumamosi na Jumapili, katikati ya Novemba. Mwongozaji wake atakuwa nasi. Paa wadogo tu: muntjaki, na wale wa Kichina wasio na pembe, wenye meno yanayochomoza kama ya ngiri. Wakubwa hapana. Sawa. Makunduchi hatukukua na wanyama wakubwa. Kwetu paa ni mnyama wa kimo cha goti.

Safari hii kaianzisha rafiki yangu Khamis. Anasema tangu mke wangu Mwanaidi afariki nimekuwa kama mtu anayengoja basi ambalo njia yake imeshafutwa. Nimekubali ili anyamaze.

Alhamisi, 9 Oktoba

Khamis kauliza kwenye simu muntjaki ni mnyama gani. Nimemwambia: mdogo, mgongo umejikunja, mwekundu kidogo, anabweka kama mbwa. Waliletwa Uingereza na tajiri mmoja zamani, wakatoroka uani kwake, wakazaana. Siku hizi wako mpaka bustani za watu. Khamis kacheka. Kasema basi na wao ni wageni wenzetu.

Kazini hakuna jipya. Sijala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Southall kwa Harjit, Khamis kaja pia. Treni moja tu kutoka kituo chetu, Abbey Wood, hakuna kubadilisha. Nikalala njiani nusura nipitilize.

Harjit ni Kalasinga wa Kisumu, fundi umeme mstaafu. Tulifanya kazi pamoja gereji miaka ile ya mwanzo, yeye upande wa nyaya, mie upande wa injini. Kiswahili chake hakijachuja. Babake alikuwa akimchukua kuwinda. Ana hamu ya safari hii kuliko sisi sote. Kanunua mabuti ya mpira, akayavaa ndani ya nyumba kutuonyesha, mkewe akamfukuza zuliani.

Tukagawana kazi. Gari ya Khamis. Chakula cha Harjit. Bunduki yangu, kwa sababu mwenye leseni ni mimi peke yangu. Wao watapiga kwa bunduki ya shamba, mwongozaji akiwa pembeni.

Khamis akataka kujua uhalali. Nikamweleza nilivyofundishwa: bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta bado hai, kisu. Harjit akasema kwao sharti ni mnyama afe kwa pigo moja tu, kwa hiyo risasi nzuri itawatosha watu wote. Tukacheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu anayesikia kicheko cha chumba cha pili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwongozaji kapiga simu kunipa masharti. Muntjaki hawana msimu, wanazaa mwaka mzima. Kwa hiyo ukiona jike, mpige yule mwenye tumbo kubwa. Mwembamba muache, maana huenda kuna mtoto kafichwa kichakani ananyonya, na mama akifa mtoto atakufa kwa njaa. Mwenye mimba kubwa mtoto wake wa mwanzo keshajitegemea.

Nikamwambia nimeelewa. Ni kweli, nimeelewa, ni hesabu nzuri. Nikakata simu nikakaa sakafuni jikoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Kila mnyama pale ana anayemuhitaji. Mie nimejitafuta, sikumuona wa kwangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Binti yangu Zuhura kaja kutoka Croydon. Kajaza friji. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo tulivyo tangu alipokuwa mdogo. Mamake ndiye aliyekuwa daraja. Kasema nyumba inanuka. Kweli inanuka.

Akataka kuchukua nguo za mamake apeleke duka la sadaka. Nikamwambia aziache. Akasema miezi imepita, tangu Shaabani. Nikamwambia najua kuhesabu miezi. Nilisema kwa sauti mbaya. Kaondoka bila kumaliza chai.

Nimemfukuza mtoto wangu. Simwiti kurudi. Sina nguvu.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Kiza kimeingia na alasiri haijapoa.

Asubuhi nilikwenda uwanja wa shabaha, Kent, kupima darubini ya bunduki. Risasi zote zimeingia pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kidole gumba. Mzee wa uwanjani kanipa mkono. Zamani ningempigia simu Mwanaidi nikiwa bado garini. Alikuwa hapendi bunduki, lakini alipenda kunisikia nikijigamba.

Nimerudi kimya. Nimeifungia bunduki kabatini.

Jumatano, 29 Oktoba

Sikwenda kazini. Nimesema mafua.

Sikuswali. Sikuoga.

Khamis kanitumia picha ya koti la mvua, anauliza rangi hii paa ataiona? Sikujibu.

Sitaki kwenda Bedfordshire. Sitaki kubaki hapa Thamesmead. Hakuna mahali ninapopataka.

Jumamosi, 1 Novemba

Harjit kapiga simu mara kadhaa. Anauliza apike nini. Nimemwambia chochote. Sauti yake ina furaha, inaniumiza masikio. Hawa wanapanga kitu, na mimi nimo ndani yake kama mzigo kwenye buti ya gari.

Nimekonda. Mkanda umeishiwa matundu.

Jumatatu, 3 Novemba

Naandika nikiwa kwenye kochi. Khamis yuko jikoni. Nataka niandike leo hii, kesho nitajidanganya.

Mchana nilitoa bunduki kuisafisha. Ni kawaida yangu kabla ya safari. Nikakaa kitandani, upande wa Mwanaidi, bunduki mapajani. Kitambaa na mafuta vilikuwa pembeni. Sikuvigusa. Nje kulikuwa na watoto wanatoka skuli. Walipita, wakaisha, mie bado nimekaa.

Sitaandika nilichokuwa nikifikiri. Nakijua. Kilikuja taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Hicho ndicho kilichonitisha. Sikuwa na hofu hata kidogo.

Nikasimama. Nikairudisha kabatini, nikafunga, nikatoka nje ya mlango wa nyumba, nikakaa ngazini na soksi. Nikampigia Khamis.

"Khamis, njoo. Usiniulize kwenye simu."

Alikuja kutoka Stratford na sare ya kazi, hata kitambulisho hakuvua. Akakaa ngazi ya chini yangu.

"Sitaki kile kitu kilale nyumba moja na mie," nikamwambia.

"Funguo ziko wapi?"

"Mfukoni."

"Haya. Tunakipeleka wapi?"

Sheria hairuhusu yeye kukichukua. Nikampigia muuza bunduki wa Kent, yule ninayenunua risasi kwake. Ana ruhusa ya kuhifadhi. Akasema nilete sasa hivi, ataningoja. Khamis akaendesha, mkono mmoja usukani, mkono mmoja begani kwangu. Sijui nani alikuwa anamshika nani.

Muuza bunduki ni mtu wa maneno machache. Akachukua bunduki, akachukua risasi, akanipa stakabadhi. Akasema si mimi wa kwanza, na wale waliomletea wenyewe bado anawaona wakipita barabarani.

Jumanne, 4 Novemba

Daktari. Khamis kakaa chumba cha kusubiri. Nimesema yote. Daktari ni mwanamke kijana, hakutazama kompyuta hata mara moja. Kaniandikia dawa, kaniunganisha na watu wa ushauri, nitaanza nao wiki hii. Kanipa namba ya kupiga saa yoyote. Kasema lazima awaarifu polisi juu ya leseni. Nikamwambia najua. Nilijua kabla sijaingia.

Miaka yote ile ya kuitafuta leseni. Mahojiano, majirani kuulizwa, kabati kukaguliwa. Imekwisha kwa sentensi moja, tena ya kwangu mwenyewe.

Nina aibu. Leo aibu ni kubwa kuliko huzuni.

Khamis analala kwenye kochi. Anakoroma kama trekta. Keshasema haondoki.

Alhamisi, 6 Novemba

Khamis kanipa hiari: nimwambie Zuhura mimi, au atamwambia yeye. Nikampigia. Akaja akiwa bado na koti la kazini. Nilipomaliza kumweleza alisema maneno mengi kwa Kiingereza, haraka, nusu sikuyapata kwa sababu ya kilio. Kisha akatulia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitoto:

"Baba, wewe ulitaka kufa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Bado unataka?"

"Leo sijui. Jana kidogo."

Hakunikumbatia. Alikaa kwenye kiti cha mamake, akanitazama. Kisha akaenda garini kuleta godoro la upepo.

Mimi ndiye baba yake. Na nimemfanya alale sakafuni kwangu, ananilinda.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempigia Harjit kuvunja safari. Nimemwambia sababu, sikupamba. Sina leseni, sina bunduki, sina hamu.

Akasema: "Sikiza, bwana. Bunduki iko ya shamba. Macho ndio hatuna. Mimi na Khamis tutapita katikati ya wanyama tukidhani ni mawe. Wewe kuja, beba darubini tu."

Nikamwambia siwezi kuwa mtu wa kufurahisha. Akasema hakuna aliyeomba furaha.

Ushauri wenyewe leo umekuwa saa nzima ya kutazama sanduku la tishu. Nitarudi Jumanne. Daktari kakubali niende Bedfordshire, mradi bunduki nisiishike. Mwongozaji kaambiwa. Nimemwambia mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Bedfordshire. Ukungu, matope, baridi ya mifupa. Khamis kavaa koti jipya linalochakarika kila anapopumua. Mwongozaji kamvua, akampa la zamani lake.

Nilitembea nyuma yao na darubini. Asubuhi nzima sikujali. Paa aje, asije. Nilikuwa nafikiria kitanda changu.

Alasiri nikaona kisiki katika shamba la viazisukari. Kisiki kikageuza sikio. Nikamgusa mwongozaji begani. Paa wa Kichina, dume, meno nje. Harjit akalala kifudifudi kwenye matope, kilemba na yote, akalenga muda mrefu. Mwishowe akaondoa shavu kwenye bunduki.

"Huyu ananitazama," akasema. Basi. Paa akaondoka kwa mwendo wake.

Hakuna aliyemcheka.

Jumapili, 16 Novemba

Khamis kapata muntjaki, dume kijana, pembezoni mwa msitu. Alisema bismillahi kwa sauti kubwa hata mnyama akainua kichwa, na hapo ndipo alipopiga. Paa akaanguka palepale. Khamis akakaa chini, akalia. Kasema hakujua kama ingekuwa hivi.

Mie nikampasua paa. Mwongozaji alinipa kisu bila kuuliza, nikamtazama usoni, naye akanitazama, kisha nikafanya kazi. Mvuke ulitoka tumboni kwa mnyama. Mikono ilijua pa kupita. Kwa muda ule sikuwa na wazo lolote kichwani, ila ini, figo, ngozi, maji.

Tulipofika barabara kuu huzuni ikarudi yote, ikakaa nyuma karibu na mimi. Nilidhani labda ingebaki kule. Haikubaki.

Nimewaambia wenzangu hivyo hivyo, garini. Harjit akasema mwezi wa pili tutakwenda tena. Khamis akasema yeye atabeba darubini.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua kutwa. Nimerudi kazini, zamu fupi. Basi moja tu, taa za nyuma.

Khamis kaenda kwake jana. Zuhura bado yupo. Tumekula pamoja. Dawa inanikausha mdomo.

Asubuhi niliamka kabla sijakumbuka kuwa Mwanaidi hayupo. Dakika chache tu, namsikia Zuhura anafungua maji bafuni. Kisha nikakumbuka. Nikainuka hivyo hivyo, nikateleka chai.