Nimemfanya Bwana Zenon Mgeni Usiku wa Mkesha

Mpendwa Bi Leokadia wa ukurasa wa ushauri, naomba msaada, ila usinihurumie haraka, maana mimi si mtu wa kuhurumiwa, mimi ndiye Kornel wa karakana ya matairi pale mjini Sanok, ukifika stendi uliza, hata mbwa watakuelekeza, na wako wateja ambao tairi likishazibwa hawaondoki, wanasimama kwenye baridi mikono mfukoni wasikie nitamsema nani tena. Shule niliiacha mwaka wa pili wa ufundi, au yenyewe iliniacha, tulielewana, na mwalimu wa hesabu aliniaga kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo darasani. Nakuambia haya ujue kwamba mdomo ninao. Shida ndiyo hiyohiyo.

Safarini huku Krakow tuko wanne. Kuna mama yangu, Halina, mpishi wa hospitali. Kuna mdogo wangu Jagoda, meno ya mbele hana na maswali hayamwishi. Kuna mimi. Halafu kuna Bwana Zenon, dereva wa basi la shule, mtu mpana mwenye kofia ya manyoya yenye masikio, anayemtaka mama kwa heshima zote, na mama naye anamtaka, ingawa ukimuuliza anaanza kufuta meza ambayo tayari ni safi. Jagoda anamwita mjomba. Mimi namwita Bwana Zenon, na nikichangamka namwita Bwana Breki, kwa sababu huyu mtu hata akitembea kwa miguu anapunguza mwendo kwenye kona.

Baba yetu alikufa kwa mapafu nikiwa bado mtoto, na tangu hapo Krismasi ya kwetu imekuwa ni mama kulia jikoni na kusingizia vitunguu, basi mwaka huu Bwana Zenon akasema, "Halina, jikoni hapo usilie tena, twende Krakow, shangazi yangu kaenda kwa binti yake Norway na funguo kaniachia," na mama akasema hapana, halafu akasema labda, halafu nikamkuta anapiga pasi gauni lake la bluu huku anaimba, na mama yangu, Bi Leokadia, alikuwa haimbi.

Krakow yenyewe unaijua, sina haja ya kukusimulia. Bwana Zenon ndiye aliyejifanya anaijua. Alinunua kitabu, akakisoma kwenye basi lake wiki nzima akisubiri watoto watoke shule, na siku ya kwanza akatupanga chini ya kilima cha Wawel mbele ya lile sanamu la joka linalotema moto wa gesi kando ya mto, theluji inatupiga usoni, akasema, "Tulieni, sasa hivi litatema moto," tukatulia, joka kimya, tukatulia tena, pua ya Jagoda imekuwa kama nyanya, na Bwana Zenon aliposogea kulichungulia mdomoni ndipo likatema, akaruka nyuma, kofia ikaenda zake mtoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye barafu. Nikamwambia, "Bwana Zenon, hata joka limekuogopa, limetapika." Akacheka naye. Siku iliyofuata tukasimama uwanjani kusikiliza tarumbeta ya mnarani, ile inayokatika katikati ya wimbo, na yeye akaanza kueleza ni kwa nini inakatika, nikasema, "Inakatika kwa sababu imekusikia unaanza kueleza." Mama alicheka, Jagoda alicheka akiwa mabegani mwa Bwana Zenon, na yeye mwenyewe alicheka kiasi kwamba Jagoda alikaribia kuanguka. Alinunua kofia nyingine, mbaya kuliko ya kwanza. Nikaisema na hiyo. Kila nilichompiga alikipokea, nami nikaona nimepata mtu asiye na mahali pa kuumia.

Sasa sikiliza mkesha wa Krismasi. Tulifunga mchana kutwa kama kawaida, Jagoda akashinda dirishani akiitafuta nyota ya kwanza, maana haliwi kitu mpaka itoke, na jikoni safari hii hakuingia mama, aliingia Bwana Zenon, akapika supu ya bitruti na vile vijitumbo vya unga vyenye uyoga, vingine vilipasuka, nikavisema. Nyota ikatoka. Tukasimama kuzunguka meza, nyasi kavu chini ya kitambaa kukumbuka hori la Yesu, sahani nne zetu na ya tano ya mgeni asiyetarajiwa, tukashika kaki zetu nyeupe za mkate mwembamba, na unajua wakati ule, kila mmoja anamega kaki ya mwenzake na kumtakia mema. Bwana Zenon akaja kwangu. Akamega kipande kidogo sana, akasema, "Kornel, nakutakia karakana yako mwenyewe, yenye jiko la makaa, usizibe tena matairi vidole vikiwa vimekufa ganzi." Mimi nikamega yake karibu yote na kusema, "Nami nakutakia kofia." Watu wakacheka. Mpaka hapo mambo safi.

Kisha tukaenda kukaa, na yeye akavuta kiti cha kichwa cha meza, nadhani kwa sababu kilikuwa karibu na jiko, yeye ndiye aliyekuwa anapakua. Nami nikasema, na sikufikiri, Bi Leokadia, kwangu maneno hutangulia, nikasema, "Ah-ah, Bwana Zenon, hapo pana mwenyewe. Sahani ya mgeni ile pale, mbona unaipita?"

Nilisubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Yeye aliniangalia, si kwa hasira, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa nauli akakuta kweli hajalipa, akasema, "Umesema kweli, Kornel." Akabeba supu yake taratibu isimwagike, akaenda kukaa penye sahani ya mgeni, akala hapo vyakula vyote kumi na viwili vya desturi ya mkesha, akausifu mkate, akaimba nyimbo zote, na kile kiti cha kichwa kikabaki kitupu kinatuangalia. Jagoda akauliza, "Sasa mgeni akija atakaa wapi?" Mama akamwambia ale samaki, aangalie miiba.

Tangu siku ile bado tunatembea. Tumeona makanisa, tumeona vile vibanda vidogo vya kuzaliwa Yesu, vya karatasi za kung'aa, tumeteleza kwenye barafu. Lakini Bwana Zenon anatembea nyuma yetu. Kitabu amekiacha nyumbani. Akitaka kuwasha redio ya shangazi yake mwenyewe anamwuliza mama, "Naweza?" Nilimchokoza nikamvalisha kofia yake mtu wa theluji kule bustanini, akasema, "Imempendeza kuliko mimi," akatabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa daktari. Na jana, niko koridoni navua buti, nikamsikia anamwambia mama, "Halina, nikiwafikisha salama nitashusha mizigo niende zangu. Nyumba ile ina mwenyewe. Sitaki wanao wawe wanakula na mgeni maisha yao yote." Mama akasema, "Zenon, yule ana mdomo tu, moyo hauko hivyo." Naye akasema, "Najua. Lakini amesema kile nilichokuwa nakiogopa siku zote."

Mama hajanigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Ila haimbi tena.

Nikajaribu kumwomba radhi. Nilimfuata jikoni, nikafungua mdomo, huu mdomo unaojulikana mpaka stendi, nikasema, "Bwana Zenon, chumvi iko wapi?" Akanipa chumvi. Nikarudi nayo chumbani kama mjinga.

Na lipo jambo jingine, nalo silisemi karakanani. Siku tuliyomzika baba, watu walinishika bega mmoja mmoja wakaniambia, "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba," na mama pia alisema, nami niliishika kazi hiyo barabara, kule kwetu kiti cha kichwa nakaa mimi, mlango nafunga mimi, na bomba likivuja nalisema mpaka linakoma. Sasa nikimwambia huyu abaki, si nitakuwa nimempa kiti cha baba? Na nisipomwambia, si mama atarudi kwenye vitunguu vyake? Nikimwomba radhi nitalazimika kumwita baba? Nishauri, tena upesi, maana mwaka mpya ukipita tu tunapanda gari kurudi, na yeye akishashusha mizigo basi. Jina langu usilifiche, wote wananijua.

Ni mimi Kornel, sina mpinzani Sanok nzima, ila kwa sasa niko Krakow na nimekwama.

*

Kornel,

Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka, na ujue kwamba mama yako naye ananunua gazeti hili, kwa hiyo usimalize hata kusoma, vaa buti. Au maliza, lakini simama wakati unasoma.

Kwanza nikugombeze, kwa kuwa mama yako ameshindwa na wewe mwenyewe umelilia. Ile sahani ya tano tunaiweka ili mtu asikose mahali. Wewe umeitumia kumwondoa mtu mahali. Sijawahi kusikia Mpoland akifanya hivyo na sahani ile, hongera, kweli huna mpinzani. Tena umemfanyia mtu aliyetoka kukutakia mikono yako ipate moto. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kuchemsha chai.

Nimeshamaliza kugomba. Sasa kaa, mwanangu.

Siku ya mazishi ya baba yako watu wazima walikuambia upuuzi. Nasema hivyo na najua waliusema kwa upendo. Mama yako pia, na atanisamehe. Mtoto hawezi kuwa mwanamume wa nyumba. Mtoto ni mtoto wa nyumba. Walikupa kazi ya watu wazima nawe ukaifanya kwa silaha pekee uliyokuwa nayo, mdomo, na umelinda mlango ule vizuri mno mpaka umemfungia nje mtu ambaye wewe mwenyewe unamtaka ndani. Usibishe. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mama umemtaja, Jagoda umemtaja, lakini aliyejaa humo toka juu mpaka chini ni Bwana Zenon, na kofia zake zote mbili.

Humpi kiti cha baba yako. Baba yako hakai kwenye kiti tena, na hakuna supu ya bitruti itakayomfuta kwako. Wala hakuna aliyekuomba umwite huyu baba. Bwana Zenon ni jina zuri. Siku ukitaka kumwita mjomba, muulize kama ataridhia, usimrushie tu.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, mwambie unataka akusindikize kununua mkate. Wawili tu, Jagoda abaki hata akilia, maana ukiwa na wa kukuchekea utaharibu. Mkishatoka, mwambie maneno haya na usiongeze hata moja: "Bwana Zenon, nilikukosea mezani. Sitaki uende." Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu kwako. Mdomo utakuwasha, utaona kofia yake, utaona joka, utaona chochote, nyamaza. Yeye atajibu, "Hakuna neno, Kornel," kwa kuwa wapole ndivyo wanavyojibu. Usilipokee. Mwambie, "Neno lipo," kisha tembea naye, ubavuni kwake, kwa mwendo wake, hata akipunguza kwenye kona.

Mkirudi na mkate, mwambie mama yako kwamba umechoka kuwa mwanamume wa nyumba. Mwambie hivyohivyo. Atalia. Safari hii msivisingizie vitunguu.

Akikataa kubaki? Inawezekana. Uliyempiga ni mtu mzima, ana haki ya kuumwa. Usimbembeleze kwa vichekesho na usimnunie. Msaidie kushusha mizigo, na kesho yake nenda kwake ukamwalike kula, umwonyeshe kiti mwenyewe, kwa mkono wako.

Lakini sidhani mtafika huko. Mtakuwa mmesharudi Sanok sikukuu ya Wafalme Watatu ikifika, mtatoka kanisani na chaki iliyobarikiwa, na mlangoni kwenu mwenye nyumba ataandika herufi za wafalme hao na mwaka mpya, kama kila mwaka. Miaka yote hii bila shaka umekuwa ukiandika wewe, tangu ulipokuwa hufikii juu ya mlango bila stuli. Mwaka huu mpe Bwana Zenon chaki. Wewe mshikie stuli.

Na mwandiko wake ukipinda, Kornel, utazame, uusifu, ufungue mlango muingie.

Leokadia