Ufa Aliouficha Barazani

Alhamisi, Rodi Kopany

Eti picha moja inatosha! Nilimwonyesha bosi picha zote mbili za hesabu zangu kwenye kompyuta. Tukisukuma kaboni dioksaidi chini ya mwamba wa hapa ili ikae huko, na ufa ulio kwenye mwamba ukiwa umeziba, gesi inatulia. Ukiwa wazi, inapanda hadi visimani. Leo barazani akaonyesha ya kwanza tu, kisha akanisimamisha: "Huyu ni binti yenu wa Asumbi. Hesabu ni zake."

Kumbe hakunileta kwa ajili ya hesabu. Alinileta kwa ajili ya kwetu.

Mama mmoja akauliza, "Nyar Asumbi, binti yetu, wewe ungekunywa maji ya hapa?"

Bosi akanitolea macho.

"Ufa ukiwa wazi, mama, nisingekunywa."

Kazi nadhani imeenda, na kodi ya nyumba je... Lakini watu waliondoka wakiuliza ufa uko wapi.