Sikutoa Udhuru

Jumatano, jioni. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua yenyewe haijanyesha. Nimechoka. Siyo mikono, hiyo imezoea kusukuma kiti mwendo. Nimechoka kueleza.

Leo tulikuwa na maandamano. Sisi wenye ulemavu wa mtaa huu, pamoja na wazee kadhaa, tunapinga kituo cha kuandikisha wapiga kura kuwekwa kwenye ofisi ya mtaa, kule mlimani, ngazi sitini na mbili za mawe. Idadi yake nimeambiwa. Sijawahi kuzipanda.

Na maandamano tumeyafanyia wapi? Juu ya ngazi hizo hizo.

Uamuzi ulipita kwenye kikao nikiwepo. Tena mimi ndiye katibu, niliuandika kwa mkono wangu: "Kikundi kitaandamana hadi ofisini." Hakuna aliyecheka. Nilikuja kushtuka kesho yake nikiwa nafua. Nilipowaambia wenzangu, wakasema basi tutakubeba. Nimebebwa vya kutosha maishani: kwenda kubatizwa, kwenda shule, kwenda kumzika baba, na kila anayenibeba hataki yaishe bila kusifiwa. Nikakataa.

Kwa hiyo nimeandamana kutoka nyumbani. Mabango niliyaandika mimi, kwenye maboksi ya sabuni yaliyotoka soko la Mkuyuni. La kwangu lilisema SIOMBI KUBEBWA, NAOMBA KUFIKA. Saa nne mwenyekiti wetu, Mzee Bwire, ambaye haoni, alinipigia akiwa kule juu, simu wakaisogeza kwenye kipaza sauti. Nikasoma barua ya malalamiko yote nikiwa mlangoni kwangu, jasho linanitiririka utadhani ndiyo nazipanda hizo ngazi. Mtandao ulikatika mara mbili, na mara zote mbili nilianza upya. Jirani yangu Mama Kulwa aliacha kuanika dagaa wake akakaa chini kusikiliza.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Sauti yangu ilikuwa mlimani.

Kisha nikamsikia mtendaji wa mtaa, mwenye ofisi hiyo, akiuliza, "Huyo anayesoma yuko wapi?" Akajibiwa, yuko nyumbani. "Basi hajahudhuria. Kesho nileteeni muhtasari wenye majina ya waliohudhuria. Hao ndio walalamikaji, wengine siwatambui."

Alasiri Mzee Bwire akanitumia ujumbe wa sauti. "Katibu, mwanangu, pole na kazi. Umetusomea vizuri mno. Sasa kwenye muhtasari, wewe na Masanja jiwekeni kwenye udhuru, tusije tukaharibu jambo. Tunajua mlikuwa mnatuombea."

Kuwaombea!

Mzee Masanja, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, naye aliandamana kutoka kwake: alikaa kibarazani akigonga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Na mimi, Mungu anisamehe, kati ya saa nne na saa tano sikuomba chochote. Nilikuwa naulaani mtandao.

Simlaumu mwenyekiti. Amezipanda ngazi zile kwa kushika bega la mtu ili barua yangu ifike. Anaogopa kitu kile kile ninachoogopa mimi: nikiliandika jina langu, mtendaji anaweza kuitupa karatasi nzima, na wenzangu wote wakapoteza kwa ajili yangu. Ila nimeandika mihtasari ya kikundi hiki miaka sita. Udhuru ni wa mtu aliyefiwa, aliyeuguliwa, aliyesafiri. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu ile ile tuliyoandamania.

Mara tatu nimeliandika jina langu. Mara tatu nimelifuta. Nimelia kidogo pia, na siyo kwa huzuni, ni kwa kuchoshwa.

Nikampigia. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia niko radhi kuuacha ukatibu kuliko kuandika kwamba sikuwepo.

"Sasa, Nyamizi," akasema, "mimi nilijuaje nani yuko pale juu? Si kwa sauti tu? Na ya kwako niliisikia kuliko zote. Ya Masanja sikuisikia."

"Masanja alikuwa na sufuria, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, andika wote wawili. Nitasaini."

Nimeandika. Jina langu la pili, chini ya lake, kwenye Waliohudhuria. La Mzee Masanja la tatu. Penye udhuru nimeandika: Hakuna.

Sijui kama itapita. Nina wasiwasi, na mabega yananiuma sasa kuliko asubuhi. Kesho Mama Kulwa ataipeleka karatasi kwa mwenyekiti asaini, kisha juu. Mtendaji akiikataa, ashuke mwenyewe aje kuniambia. Ni ngazi sitini na mbili tu.