Siku Baba Alipokagua Mpaka wa Shamba

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Ekerenyo tu wazima. Majani chai yamechipua vizuri, na babu yako bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia.

Unauliza kwa nini hatuhisi dunia ikizunguka. Nilipokuwa darasa la tano, nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba mwalimu amesema ardhi yote inazunguka, usiku na mchana. Baba hakungoja uji upoe. Alichukua panga akaenda kukagua mpaka wetu na jirani yetu Ondieki. Miti yote ya mpaka ilikuwa palepale. Hata hivyo, kesho yake alinifuata shuleni.

“Mwalimu, shamba langu linazunguka?”

“Linazunguka, mzee.”

“Na la Ondieki?”

“Pia. Yote yanakwenda pamoja, mwendo mmoja. Ndiyo maana huhisi kitu.”

Baba akafikiri sana. “Basi yaendelee. Mradi Ondieki asinipite.”

Tangu uende Kanada, nikikukumbuka namkumbuka baba na panga lake. Wewe huko na sisi hapa tunazunguka pamoja, mjukuu wangu. Mimi nami sihisi mwendo. Nahisi tu kwamba hupo.

Nyanya yako,
Bosibori