Nafasi Niliyoiacha Wazi Kwenye Fomu

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 14,
Chuo Kikuu.
Jumapili, tarehe 2 Machi

Mpendwa wifi,

Kabla ya yote niambie goti linaendeleaje, na kama baridi ya huko imepungua. Watoto wa kaka yako hawajambo. Mkubwa anasema siku hizi kwenye simu unaongea kama mtangazaji wa habari. Mimi ni mzima, ila usingizi unanijia vipande vipande. Mwezi ujao kaka yako anatimiza mwaka tangu atuache, na bado asubuhi natoa vikombe viwili vya chai. Kimoja nakirudisha kabatini kabla watoto hawajaona.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungepoteza muda wako wa maongezi kunibembeleza. Nina hasira, wifi, na hapa watu wameshachoka kunisikiliza.

Hali ya uchumi unaijua, hata huko kwenu nasikia viwanda vinafungwa. Hapa serikali imekata karibu theluthi ya fungu la chuo, na wafadhili wa utafiti wameondoka mmoja mmoja kama wageni wanaoaga. Kwenye maabara ninapoosha vyombo, zile glavu za kuvaa mara moja sasa tunazifua na kuzianika dirishani. Hadubini moja inatazamwa na wanafunzi kumi na mmoja. Wa mwisho akifika, kengele imeshalia.

Mkuu wa chuo alituita ukumbini akasema tufunge mikanda. Mlinzi wa lango, yule tunayemwita Saa Mbili kwa kuwa hajawahi kuchelewa, akaninong'oneza, "Mama, mkanda wangu umeisha matundu. Sasa nafunga kamba." Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Sasa nifike kwenye lililoniumiza. Kaka yako hakuwahi kukueleza vizuri kazi yake. Ukimuuliza alijibu tu, "Nalinda maharage." Alikuwa mtunza chumba cha mbegu, chumba cha baridi kali mwisho wa korido yetu. Ndani kuna aina mia sita na kumi na mbili za maharage, zilizokusanywa na walimu wa chuo kwa miaka arobaini, nyingi hazilimwi tena popote. Jua likiwa kali watu wote wanajipepea, yeye anapita na koti zito mkononi, wanafunzi wanamcheka. Alikuwa akitoka mle ananiwekea mikono ya barafu shingoni, nami napiga kelele, profesa wa idara yetu anafungua mlango kuuliza kuna nini.

Mbegu hazikai mle milele. Kila baada ya miaka minane lazima zitolewe, zipandwe, zivunwe, ndipo mbegu mpya zirudi kwenye baridi. Yeye aliita kuziamsha. Zikipitisha zamu yao, zinakufa zikiwa zimelala, na kwa macho huwezi kujua.

Mwaka jana ajira zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo nafasi yake haikujazwa. Mwezi wa kumi ofisi ya mipango ikaleta fomu ya vyumba vyote, wajue vipi vinatumika na vipi vizimwe umeme. Mwezi uliopita majibu yakatoka. Chumba cha mbegu kimeandikwa hakina mtumiaji. Kitazimwa tarehe kumi na tano.

Nilikwenda kwa ofisa mipango, kijana mstaarabu tu, shati lake limenyooshwa vizuri.

"Mama, fomu inasema hakuna mtu mle."

"Mna maharage, baba."

"Maharage hayasaini fomu."

"Na aliyekuwa anasaini mmekataa kumwekea mrithi."

"Hilo si la kwangu, mama. Mambo ya ajira ni ghorofa ya tatu."

Lifti haifanyi kazi tangu Novemba, nikapanda kwa miguu. Huko juu wakaniambia hawawezi kuomba mtu wa kufanya kazi kwenye chumba kinachozimwa. Nikashuka. Yaani mtu hayupo kwa sababu hakuna fedha, chumba kinafungwa kwa sababu hakuna mtu, na mtu haletwi kwa sababu chumba kinafungwa. Kila mmoja aliniambia "pole, mama" na kila mmoja alikuwa na muhuri wake mezani.

Lakini kuna jambo sijalisema nyumbani, nakuambia wewe. Ile fomu niliijaza mimi. Profesa alinipa kwa kuwa nazijua funguo zote za korido yetu. Nilipofika chumba cha mbegu, pale palipoandikwa "mtumiaji", kalamu ilikataa. Jina la kaka yako nisingeweza kuliandika, maana si kweli tena. La mtu mwingine sikutaka kuliona pale. Kuandika "marehemu" nilishindwa. Nikaacha wazi, nikasema nitarudi. Sikurudi. Ningeandika jina la profesa tu, au hata langu, chumba kingebaki na umeme.

Nilipokiri kwa profesa, yule mama mfupi aliyesoma risala kwenye mazishi, alisema, "Dada yangu, wangetafuta sababu nyingine." Labda. Ameandika barua nne. Jibu alilopata ni kwamba idara inaweza kuhamisha mbegu ikitafuta mahali yenyewe, bila gharama kwa chuo.

Idara ya wanyama imetupa majokofu mawili. Maharage yatakaa pamoja na vyura waliogandishwa, lakini yatakaa. Shida ni aina tisini na nne ambazo zamu yao ya kuamshwa ni mvua hizi. Hizo jokofu haliziokoi, zinataka udongo. Na lile eneo letu la kupandia chuo kimelikodisha kwa muuza magari. Pale maharage yalipokuwa yanatambaa, sasa zimepangwa pikapu, kila moja na bei kwenye kioo.

Katika hizo tisini na nne iko namba 207. Kwenye kifuko kaka yako ameandika kwa penseli, "ya Mama". Ni yale maharage yenye madoa mekundu, ya nyuma ya jiko lenu. Mama mwenyewe anasema alishayapoteza.

Kwa hiyo wifi, nakuomba ile nusu yako ya shamba la baba, kwa msimu mmoja. Nusu ya kaka yako tuliijaza miti, kivuli kimefunga. Najua unataka kuiuza, na kwamba mnunuzi ameshakuja kuipima mara mbili. Najua pia kazi yako huko imepungua siku, na hela hiyo unaihitaji. Sikuombi kwa wepesi. Mwambie asubiri mpaka tuvune. Akikataa na ukaamua kuuza, sitakununia, utabaki wifi yangu. Profesa atakuja na wanafunzi wawili kwa nauli zao, kupima mistari ili aina zisichanganyike. Kupalilia nitapalilia mimi.

Nipigie kabla ya tarehe kumi, hata neno moja linatosha.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Shemeji mdogo amepata mtoto wa pili, masikio ni ya kwenu hasa. Msalimie mumeo na yule mpwa wangu mrefu, mwambie huku kwa wajomba zake tunamngoja. Mungu akushikie afya, akufungulie na riziki pale ilipoziba.

Ni mimi wifi yako, nakupenda kama siku ile ulipolibeba sanduku langu kuliingiza nyumbani kwenu.

Tarehe kumi na tano asubuhi nitakuwa mle ndani, natoa vifuko, kabla fundi umeme hajafika. Nikumbuke saa hiyo.