Simu ya Mwalimu Tabia

Bombambili, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, uvimbe umepungua? Na mikorosho, imeanza kutoa maua? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila kunenepa ndiyo kazi.

Mama, hii kazi yangu ya kuchaji simu za watu kwa betri ya gari nusura niiharibu kwa mdomo wangu. Mtu huniachia simu asubuhi, akaifuata jioni. Juzijuzi alikuja askari anamtafuta mdogo wa mteja wangu, Mwalimu Tabia, kwa habari ya wizi wa mbolea. Akaona simu ya mwalimu iko kwangu. "Unaruhusu niiangalie?" Kwa woga nikajibu, "Ruhusa, afande, chukua." Akasoma meseji palepale kwa sauti, hata za mchumba, watu wakacheka, kisha akaondoka nayo.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Twaha, nilikuachia simu uichaji. Maneno yangu sikukuachia." Niliona aibu, Mama. Kesho yake wateja wakaja kuchukua simu zao hata kabla hazijajaa.

Siku ya tatu nikafunga kibanda, nikaenda na mwalimu kituoni. Nilimwambia mkuu wa kituo, "Mzee, ruhusa niliyotoa haikuwa yangu. Mwenye simu ni huyu, na hakuulizwa." Akanitazama mpaka nikatamani kuomba radhi. Kisha akamgeukia mwalimu. "Wewe unaruhusu?" Mwalimu akasema hapana, ila mdogo wake akipiga atamwambia aje mwenyewe. Mzee akafungua droo, akamrudishia simu yake.

Wateja wanarudi sasa, na wa kwanza alikuwa mwalimu. Jana akaja yule askari, nikadhani amekuja kunikamata. Kumbe ameleta simu yake mwenyewe, imezima. Akaniinamia.

"Twaha, mtu akija kuiulizia?"

"Simpi, afande."

"Hata mke wangu?"

"Hata yeye."

Akaniachia, akaenda zake.

Nisalimie baba mkubwa, shangazi anayekuuguza, na majirani wote wa kisimani. Nawe Mwajuma, mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, ukimaliza mkabidhi mwenyewe. Wakiuliza nimeandika nini, Mama ndiye atakayesema.

Mwanao anayekupenda,
Twaha