Ukuta Umekunywa, Baba Hajanywa

Baba Watoto,

Ukiamka usitafute viatu, nimeondoka navyo. Kwenye jagi kuna maji niliyotia sukari na chumvi kidogo. Kunywa taratibu mpaka yaishe. Hayo si ya ukuta!

Maana mchana wenzako wamekuleta juu ya mkokoteni wa mchanga, macho yamekulegea, eti umeangushwa na jua. Nikawauliza, dumu la maji nililomjazia liko wapi? Wakanieleza. Kumbe pipa la kazini lilikauka, ukaona plasta itapasuka, ukaimwagilia maji yako ya kunywa. Tena ukuta ukaufunika magunia mabichi usiungue. Wewe ukabaki kichwa wazi kama mlingoti. Fundi mzima! Na ulipozinduka, neno la kwanza: "Plasta imeshika?" Hata hukuuliza mimi ni nani.

~~Ukijisikia vizuri, jioni nenda.~~ Hapana. Leo huendi popote. Kuanzia kesho utaingia alfajiri, na jua likiwa kali utakaa kivulini kama watu wenye akili. Nimekwenda kumwambia msimamizi hivyo mwenyewe, na vifaa vyako narudi navyo.

Mama yako amekaa mlangoni. Ukitapika, au ukiongea ovyo kuliko kawaida yako, anakupeleka hospitali.

Hilo shuka bichi nililokufunika usilitoe. Nimeona unavyotunza kitu usichotaka kipasuke, nami nimekutunza vivyo hivyo.

Mama Watoto